Kung'oa jeti orijino na kufunga za pakiti si kutengeneza kabureta, mafundi mnatuulia pikipiki

Wakuu, hili limenikaa kooni na leo nalitapika.

Pikipiki yangu ni ya zamani, injini ya silinda nne inayopozwa kwa hewa, ina kabureta nne za Mikuni za aina ile ambayo slaidi (kizuizi cha hewa kinachopanda na kushuka) inapandishwa na vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini. Ilikaa muda mrefu bila kuwashwa, petroli ikakaukia ndani na kugeuka gundi, ikawa haishiki silensa, yaani haitulii ikiunguruma bila resi. Ugonjwa wa kawaida kabisa kwa pikipiki iliyolala. Nikampelekea fundi kabureta zote nne zikiwa zimeshikana kwenye fremu yake, na maelekezo yalikuwa mafupi: safisha njia zote, badilisha mipira, basi. Zimerudi zinang'aa kwa nje, na pikipiki ni mbovu kuliko ilivyokuwa.

Kuwaka inawaka. Silensa inashika ikishapata moto. Ukifungua resi kuanzia robo hadi robo tatu ndipo kasheshe linapoanza: inajikwaa, inakoroma, ekzosi inatema harufu ya petroli mbichi. Ukifungua yote inaondoka. Nikatoa plagi. Ya kwanza, ya pili na ya nne ni nyeusi tii, masizi makavu. Ya tatu ina rangi ya kahawia iliyopauka, safi, ndivyo plagi inavyotakiwa kuwa.

Nikaanza kuichunguza kabureta ya tatu nijue ina upekee gani. Upekee wake ni kwamba skrubu za bakuli la floti (boya linalopima usawa wa petroli ndani) zimeliwa vichwa zote. Jamaa alishindwa kuifungua! Akaipuliza kwa nje, akaipangusa, akairudisha kwenye mstari na wenzake, na hakuniambia neno. Kwa hiyo kabureta pekee ambayo mikono yake haikufika ndani ndiyo pekee inayofanya kazi yake sawasawa. Nyingine tatu alizozifanyia "ovahoo" ndizo zinazokunywa mafuta ovyo.

Na hizo skrubu zenyewe zimeliwa kwa uzembe tu. Skrubu za nyota za pikipiki za Kijapani za enzi zile ni za JIS, kiwango cha Kijapani, siyo Phillips. Nyingi zina nukta ndogo kichwani, hiyo ndiyo alama. Bisibisi ya Phillips haizami mpaka chini kwenye kichwa cha JIS, ukiikaza inapanda na kukwangua. Fundi anayeishi kwa kufungua pikipiki za Kijapani na hana bisibisi ya JIS, sijui tumwite fundi wa nini.

Nilipoifungua hiyo ya tatu mwenyewe na kulinganisha na wenzake ndipo damu ilipochemka. Ndani yake kila kitu ni orijino. Sindano, ile inayoning'inia kwenye slaidi na kupima mafuta, ina msimbo wa kiwanda umegongwa juu kwenye shina. Zile tatu nyingine sindano hazina alama yoyote, na nikizipima kwa maikromita sehemu ileile, mteremko wake ni tofauti: zinaanza kuwa nyembamba mapema. Hapo huhitaji mganga. Katikati ya resi, mafuta yanapita kwenye upenyo kati ya sindano na jeti ya sindano (kijibomba ambamo sindano inapanda na kushuka), upenyo unaopimwa kwa mia za milimita. Sindano ikiwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, upenyo ni mkubwa, mafuta yanazidi. Ndiyo maana silensa iko sawa, kwani hiyo inalishwa zaidi na jeti ndogo, na ndiyo maana resi yote iko sawa, maana kule juu anayetawala ni jeti kubwa. Ugonjwa upo palepale sindano inapofanya kazi, katika kabureta zilezile zilizobadilishwa sindano.

Nikampigia simu kuuliza sindano na jeti zangu ziko wapi. "Zile zilikuwa chakavu mkuu, nimetupa, nimekuwekea mpya." Chakavu! Hebu tuelezane ukweli hapa. Jeti ni kipande cha shaba chenye tundu. Petroli haiili, kukaa hakuizeeshi. Inachofanya ni kuziba, na iliyoziba inalowekwa, inapulizwa, inarudi kazini. Kitu ambacho kinachakaa kweli ni jeti ya sindano, kwa kuwa sindano inatetemeka ndani yake kilometa nenda rudi mpaka tundu linapoteza uduara. Na hiyo mara nyingi ndiyo haimo kwenye seti ya ripea, ile pakiti ya vipuri vipya vya kabureta! Wanakuwekea jeti usizozihitaji, ile ambayo huenda ungeihitaji haipo.

Halafu kuna watu watakuja kuniambia namba ni ileile. Namba iliyogongwa kwenye jeti ya bei chee ni ahadi tu. Hata kwa watengenezaji wa maana namba hazifanani: Keihin wanahesabu kwa kipenyo cha tundu katika mia za milimita, Mikuni kwenye jeti zao kubwa za kichwa cha pembe sita wanahesabu kwa kiasi cha mafuta yanayopita. Mia moja ya huku si mia moja ya kule. Sasa mtu aliyenakili jeti hajulikani amefuata hesabu ipi, wala hajulikani kama ameichonga midomo ya tundu kama kiwanda kilivyoichonga, na midomo hiyo inabadilisha mtiririko hata kipenyo kikiwa sawa.

Hapohapo niwaseme wale wa kuzibua jeti kwa waya wa chuma. Eneo la tundu linakua kwa mraba wa kipenyo. Tundu la milimita 0.40 ukilikwangua likafika 0.42, macho yako hayaoni tofauti yoyote, lakini eneo limeongezeka kwa asilimia 10. Kisha mtu anashangaa silensa imekuwa nzito, mafuta yamezidi, na anaanza kuzungusha skrubu kutafuta mchawi.

Skrubu ya mchanganyo, ile ya kurekebisha mafuta na hewa ya silensa, nayo ni kesi ya peke yake. Kuna mpangilio: springi kwanza, kisha washa, kisha oringi ndogo (kiduara cha mpira) mwishoni. Oringi hiyo huganda chini kwenye tundu, haitoki pamoja na skrubu, lazima uitoe kwa kindoano chembamba bila kukwaruza. Kabureta ya pili niliikuta na oringi mbili, ya zamani imebanwa chini na mpya imerundikwa juu yake. Ya nne haina washa. Sasa unaseti nini hapo? Na zote nne amezifungua mzunguko mmoja na nusu, hata ile ambayo hakuifungua, kana kwamba injini zote duniani zilizaliwa siku moja. Tena nijuavyo wapo mafundi wasiojua hata skrubu wanayozungusha ni ya nini: iliyo upande wa injini, ukiilegeza unaongeza mafuta, iliyo upande wa chujio la hewa, ukiilegeza unaongeza hewa. Ni kinyume kabisa. Na wenye pikipiki zilizouzwa Marekani kuanzia modeli za 1978, sheria ya moshi ilipozifikia pikipiki, angalieni vizuri: nyingi skrubu hiyo imefichwa chini ya kizibo cha chuma. Kama kizibo bado kipo, basi njia ya silensa haijasafishwa, hata mtu akiapa.

Floti. Seti mpya ililetwa na vali mpya ya floti, na vali hiyo si lazima iwe na urefu uleule. Ukiibadilisha bila kupima upya kimo cha floti, usawa wa mafuta kwenye bakuli umebadilika, na usawa huo unagusa kila jeti. Hakuna aliyepima hapa. Kabureta ya kwanza usawa uko juu mno na vali haifungi vizuri, ukiacha koki ya tangi wazi petroli inateremka taratibu. Nimechomoa kijiti cha oili, kinanuka petroli. Kwa wasioelewa uzito wa hilo: petroli ikiingia kwenye oili, oili inakuwa maji, beringi zinakwisha, na ikijaa kwenye silinda huku umelala, asubuhi ukibonyeza stata pistoni inagonga kimiminika kisichobonyea. Kitu kinapinda. Hiyo siyo hitilafu ya kuniambia "itazoea tu mkuu".

Mpira wa daiframu, ule unaoinua slaidi kwa vakyumu, angalau haukuchanika, ingawa alivyoupulizia dawa ya kusafishia kabureta umetuna pembeni. Bahati tu.

Kuhusu kutyuni, alijigamba kwamba ameziseti "kwa sikio". Kabureta nne kwa sikio! Sikio linaweza kukuambia injini inamisi, halikuambii silinda ya pili inavuta kiasi gani kuliko ya tatu. Kuna geji za vakyumu, zinachomekwa kwenye tundu za kila manifoldi, unachagua ile kabureta isiyo na skrubu ya kurekebishia na kuzifuatisha nyingine kwake, feni ikiwa mbele kwa sababu injini ya hewa ikisimama palepale inachemka. Na hata hilo ni la mwisho kabisa. Kabla yake kuna tapeti, kuna taimingi, kuna kompreshen, kuna mipira ya manifoldi ambayo ikipasuka inaingiza hewa ya wizi na silensa inapanda na kugoma kushuka. Mtu hajagusa hata kimoja, anakuja na bisibisi mkononi anatega sikio.

Najua pia ushauri utakaofuata. Toa chujio la kiwanda ufunge vichujio vidogo vya koni, itapumua. Hapana. Kabureta za vakyumu zinategemea hewa iliyotulia kutoka kwenye boksi lake, ukiliondoa unaanza upya hesabu ya jeti zote, na mimi hapa sina hata jeti za kuanzia.

Fundi amekataa kurudisha hela, anasema kazi imefanyika kwa kuwa pikipiki inawaka. Basi akae nayo. Mimi nahitaji sindano tatu, jeti kubwa tatu na jeti ndogo tatu, zote orijino. Mwenye kabureta mbovu za Mikuni za slaidi ya vakyumu kutoka pikipiki ya silinda nne, hata kama mwili umepasuka, aniambie msimbo uliogongwa kwenye sindano nilinganishe na wangu wa ile ya tatu, tutaelewana bei. Ila kama zimeshawahi kufanyiwa ovahoo, baki nazo.