Nani aliwaambia uhasibu wa umma ni hesabu za serikali?

Wakuu, nimetoka kwenye usaili juzi na hasira bado hazijaniisha. Mmoja wa jopo kashika wasifu wangu, kasoma "miaka sita, uhasibu wa umma", kaurudisha mezani. "Dada, hapa ni kampuni binafsi. Wewe umezoea bajeti za wizara."

Wizara gani? Miaka yote sita nimekagua hesabu za kampuni binafsi tupu! Mwaka mpya umenikuta ghalani nahesabu maboksi, kuhakikisha mali iliyoandikwa kwenye mizania ipo kweli. Nimeandikia benki barua zithibitishe salio, kwa sababu karatasi anayonipa mteja haitoshi. Leo naambiwa sijui kampuni binafsi.

Umma hapo maana yake mhasibu hana mwajiri mmoja anayemtunzia vitabu. Anahudumia mteja yeyote anayemlipa ada, awe mwenye duka, kiwanda au shirika: anakagua hesabu, anaandaa ritani za kodi, anashauri. Anayeshika vitabu vya kampuni iliyomwajiri ni mhasibu wa ndani. Wa fedha za serikali ni mhasibu wa sekta ya umma, na huyo ana hadi viwango vyake vya kimataifa vya uhasibu, IPSAS. Hizo ni kazi tatu, jamani, msizitie kapu moja.

Na msiniambie ni neno tu. Hati ya mkaguzi inasomwa na mwenye hisa na benki, watu wasiowahi kumwona, na wanatoa pesa zao kwa kuiamini. Mwaka 2000 Arthur Andersen, kampuni ya wakaguzi, ililipwa na mteja wake Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, dola milioni 25 za ukaguzi, na milioni 27 nyingine za ushauri na kazi za pembeni. Mwaka uliofuata Enron ikafilisika. Ndipo 2002 Marekani ikatunga sheria ya Sarbanes-Oxley, ikawazuia wanaokagua kampuni za soko la hisa kuwauzia wateja haohao huduma nyingi nyingine. Haya yote ni mambo ya uhasibu wa umma, na wizara haimo!

Ninyi mnaoajiri, kama hamjui neno, muulizeni aliyekaa mbele yenu. Mimi sikuulizwa hata swali moja la ukaguzi.

Jana usiku nimelifuta kwenye wasifu, nimeandika "mkaguzi wa nje". Imeniuma, maana leseni yangu inasema mhasibu wa umma.