Sumu ya panya shambani Chanika: bundi na kuchakuro watapona?

Mpanda_Vuli: Wakuu, shamba ni nusu eka ya mahindi na karanga, Chanika, limepakana na kichaka upande wa msitu wa Pugu. Mbegu zinafukuliwa usiku wa kwanza tu baada ya kupanda. Dukani wanashauri vile vipande vya bluu vya brodifakumu, nivitupe kila penye shimo. Ila kwenye mnazi kuna bundi, na kuchakuro wanashuka kutoka kichakani. Je, anayefukua si kidiri? Na kuna namna ya kumpata panya bila kuwaangamiza hao wengine?

Mtego_Kwanza: Kidiri anayechimba mashimo yuko nyanda kame za kaskazini-mashariki, upande wa Mkomazi. Huko kwako ni kuchakuro wa mitini, mwenye tumbo jekundu, na huyo hutembea mchana. Panya shamba hutoka usiku. Pita shambani jua likizama, fukia vishimo vyote, kisha rudi alfajiri kabla ya jua. Vishimo vipya vya wakati huo ni vya panya, usimsingizie kuchakuro.

Kuhusu brodifakumu, tatizo lake ni hili: haiui papo hapo. Inazuia mwili kuitumia tena vitamini K, damu inakosa vitu vya kuigandisha, na panya hufa siku 3 hadi 7 baadaye. Chambo cha madukani kwa kawaida kina miligramu 50 za brodifakumu kwa kilo. Kwa panya mkubwa wa mjini (Rattus norvegicus) wa gramu 250, kama gramu 1.4 tu za chambo hicho zinatosha kuua nusu ya watakaokula. Lakini panya huyo anaweza kula gramu 20 kwa usiku mmoja, na hajisikii vibaya, kwa hiyo kesho anarudi tena. Anapokufa amebeba sumu mara nyingi zaidi ya iliyohitajika, na imekaa kwenye ini, ambako hudumu miezi. Kabla ya kufa anazubaa, anatoka mchana, anakamatika kirahisi. Bundi akila wa namna hiyo kila siku, sumu inajilimbikiza kwake pia. Ndiyo maana California waliziwekea sumu za kundi hili masharti makali kuanzia 2021.

Kuondoa chambo asubuhi kunamwokoa kuchakuro asile sumu yenyewe. Bundi hakumsaidii kitu.

Kwa nusu eka tumia mitego ya kubana. Shamba la mraba la ukubwa huo lina mzunguko wa kama mita 180, basi mitego 18, mita 10 kati ya mmoja na mwingine, ukingoni mwa kichaka na pande nyingine zote. Chambo ni siagi ya karanga na dagaa wa kusagwa, kiasi cha punje moja ya hindi. Ukiweka bonge, panya anamega pembeni na mtego haufyatuki. Tega jioni, fyatua yote alfajiri ili kuchakuro na kuku wasinaswe. Anza siku 3 kabla ya kupanda, endelea hadi miche ifikishe wiki 2. Baada ya hapo panya hafukui tena mbegu. Fyeka ukanda wa mita 3 hadi 5 kando ya kichaka, maana panya hapendi sehemu wazi. Na mkipanda na majirani wiki moja, hasara inagawanyika badala ya kukuangukia wewe peke yako.

Mpanda_Vuli: Shukrani mkuu. Na ile ya vichupa vya wamachinga? Wanasema panya anafia palepale.

Daktari_wa_Mifugo: Usiiguse. Panya akifia pembeni ya chambo ndani ya dakika chache, hiyo si sumu ya kuzuia damu kuganda kama brodifakumu. Mara nyingi ni kiuatilifu cha wadudu shambani kilichofungashwa upya, bila lebo wala namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Hicho kinashambulia neva, na mzoga wake unaweza kuua paka, mbwa na kunguru siku hiyohiyo. Poda nyeusi ya fosfaidi ya zinki nayo inatoa gesi tumboni. Haijilimbikizi kwenye nyama kama brodifakumu, lakini kanga na njiwa wakiokota nafaka iliyopakwa wanakufa, na haina dawa ya kuizima.

Mbwa akila panya wa brodifakumu, usisubiri dalili. Ufizi ukishakuwa mweupe, akakohoa au akapumua kwa shida, tayari anavuja damu ndani. Mpeleke kwa daktari apate vitamini K1, inayotolewa pamoja na chakula chenye mafuta, kwa wiki 3 hadi 4. K3 ya bei rahisi haifanyi kazi hapa. Wengi wanaacha dawa siku ya tano mbwa akichangamka, wakati sumu bado iko kwenye ini, na damu inaanza kuvuja upya.

Mizoga yoyote ya panya waliokula sumu iokote kila asubuhi kwa glavu, izike nusu mita kwenda chini, mbali na kisima. Ukiitupa jalalani, kunguru watafika kabla ya gari la taka.