Naandika tenda ya taa za barabara na za trafiki na sitaki kununua giza mara ya pili, naomba ushauri

Dada_wa_Stoo
Habari za jioni wadau. Niko ofisi ya ununuzi kwa taasisi moja ya umma hapa Nairobi, jina naomba nisitaje. Nimepewa kazi ya kuandika makaratasi ya tenda ya taa za barabara kama 500 pamoja na taa za trafiki za makutano sita, na bosi ameniambia nichukue tu ile tenda ya miaka mitatu iliyopita nibadilishe tarehe nimalizane nayo. Mimi sitaki, na nitawaambia kwa nini.

Zile taa za mara hiyo ndizo zilikuwa bei ya chini kuliko zote. Karatasi zikasema ni LED, masaa elfu hamsini, maji hayaingii. Kufika mwezi wa kumi na nne, barabara ya mtaa ninaokaa ilikuwa moja inawaka, inayofuata imezima, ya tatu inapepesa usiku kucha. Nikamwomba fundi anishushie moja nijionee. Alipoifungua, ndani kulikuwa na alama ya maji yaliyokauka kama ile inabaki kwa sufuria ya chai, wadudu wamejazana kwa kona, ile raba ya kuzuia maji ukiigusa inavunjika kama biskuti, na kile kiboksi cha kulisha LED stima, mafundi wanakiita draiva, kimefura. LED zenyewe zilikuwa nzima kabisa! Yaani taa nzima inatupwa kwa ajili ya kiboksi kimoja, na hakiwezi kubadilishwa kwa sababu kimemwagiwa gundi. Pale stage kuna mama wa chapo madondo alikuwa anafunga saa tatu usiku, siku hizi saa moja anabeba jiko lake anaenda, watu hawapitii hapo tena.

Bosi si mtu mbaya, anaogopa tu kwamba mambo ya mazingira yatapandisha bei na mtu atakimbia kwa bodi ya rufaa za tenda aseme tumependelea mwenzake. Sasa sheria inaniruhusu niangalie kitu kingine zaidi ya bei? Niandike nini ndio nipate taa za kudumu zisizokula stima bure? Na zile za zamani nizipeleke wapi, niko na zaidi ya 300 kwa stoo, zingine ni zile za mwanga wa machungwa.

Wakili_Mtaani
Dada pole, lakini sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, kifungu cha 86, haijasema mshindi ni wa bei ya chini pekee, kuna pale inaruhusu mshindi awe yule ambaye gharama yake yote ya kumiliki kitu, baada ya tathmini, ndio ya chini. Hiyo ni bei ya kununua, stima, matengenezo, hadi kukitupa. Na kifungu cha 60 kinataka mahitaji ya kiufundi yaangalie maisha ya kifaa na athari kwa mazingira, kwa hivyo bosi akikuuliza umetoa wapi hayo mambo mfungulie hapo.

Ila sikiza vizuri: hesabu lazima iwe imeandikwa ndani ya tenda kabla haijatangazwa. Masaa mangapi kwa mwaka, bei gani ya uniti, miaka mingapi, fomula yenyewe. Ukianza kupiga hesabu ya stima baada ya kufungua bahasha, hapo ndio mtu atakupeleka kwa bodi na atakushinda. Na usitaje kampuni wala brand, eleza kile taa inapaswa kufanya.

Kalamu_na_Kikokotoo
Niongezee hapo kwa hesabu, kwa sababu hiyo ndio itamgusa bosi. Sisi tuko karibu na ikweta, giza letu ni karibu masaa 12 mwaka mzima, ukitoa ule mwanga wa magharibi na alfajiri unabaki na kama masaa 4,200 kwa mwaka. Chukua mfano, taa A inauzwa 15,000 na inakula wati 150, taa B ni 24,000 inakula wati 110, na zote zinaangaza barabara sawasawa. Tofauti ni wati 40, mara masaa 4,200 ni uniti 168 kwa mwaka kwa taa moja. Weka shilingi 15 kwa uniti (ni mfano, bili yenu ndio itakupa bei ya kweli), hiyo ni 2,520 kila mwaka. Ile elfu tisa ya juu imerudi kabla ya mwaka wa nne kuisha, na bado hatujahesabu kumlipa fundi na gari la kumpandisha kila A ikizima. Kwa taa 500 ni uniti 84,000 kila mwaka.

Kitu kingine, usimwambie bosi hoja kubwa ni moshi. Stima yetu nyingi inatoka kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, si kama nchi za makaa. Mwambie hoja ni bili, taka, na ile saa moja hadi saa tatu jioni ambapo kila mtu anawasha kila kitu na mitambo ya mafuta inaitwa kusaidia. Taa za barabara zinawaka saa hiyo hiyo.

Fundi_wa_Nguzo
Nimepanda nguzo miaka 19, hiyo taa uliyoieleza nimeshusha nyingi sana. LED hazifi haraka, draiva ndio inakufa, na inauliwa na joto, maji na stima inayoruka. Andika kwamba draiva itolewe na kurudishwa na fundi mmoja kwa vifaa vya kawaida bila kukata kitu, na spea ziweze kupatikana angalau miaka kumi. Taka kinga ya stima inayoruka ya kilovolti 10, mvua za Aprili na radi zake tunazijua. IP66, yaani alama kwamba vumbi na maji hayaingii, isiwe stika tu, taka ripoti ya maabara yenye ithibati. Alafu wakikuandikia masaa elfu hamsini waulize, baada ya hayo masaa mwanga umebaki asilimia ngapi? Taa inaweza kuwa bado "inawaka" na chini huoni hata shimo.

Waranti ianze siku ya kuwashwa, isianze siku ya kufika stoo, na iwe na kazi ya kushusha na kupandisha ndani yake. Nimeona waranti ya miaka mitano ambapo taa mpya unapewa bure lakini gari na mafundi ni juu yako, mwishowe hakuna mtu anaenda kuidai.

Jirani_wa_Mbuga
Mimi naishi upande wa Lang'ata karibu na ua wa mbuga na naomba usisahau rangi na upande mwanga unakoenda. Zile taa nyeupe za kuelekea bluu zinaumiza macho ya dereva, zinavuta wadudu, na zinasumbua wanyama wanaotembea usiku. Mwaka wa 2016 chama cha madaktari wa Marekani kilishauri taa za barabara zisizidi kelvini 3000 (hicho ni kipimo cha rangi ya mwanga), yaani mweupe unaoelekea manjano. Tume ya Ulaya nayo ilitoa vigezo mwaka wa 2018 vya taasisi za umma kununua taa za barabara na za trafiki, na vinazunguka mambo matatu, stima inayoliwa, mwanga unaotapakaa, na kudumu. Moja ya hayo ni kwamba taa isirushe mwanga kwenda juu hata kidogo. Hiyo kuandika haigharimu kitu. Pia weka uwezo wa kupunguza mwanga usiku wa manane, kuanzia saa tano hadi saa kumi na moja alfajiri ukipunguza nusu, ile taa ya wati 110 inakuokolea uniti kama 120 kwa mwaka.

Mtoto_wa_Mathare
Kupunguza nusu wapi? Huku kwetu saa kumi usiku watu wanatoka kwenda masoko ya Gikomba na Marikiti, wanawake wakiwa na pesa ya bidhaa kifuani. Sisi mulika mwizi, ile taa kubwa ya mlingoti mrefu, ikizimika siku mbili tu tunajua, na mtu atahesabu majeruhi. Tafadhali msituletee giza kwa jina la mazingira.

Jirani_wa_Mbuga
Umesema kweli kaka, na nimekosea kuongea kama barabara zote ni moja. Isipunguzwe pale watu wanapotembea usiku. Ila hata hiyo mulika mwizi, ukisimama chini yake unaona vizuri, ukiingia kichochoro cha tatu ni giza totoro, na kule juu wingu limeangazwa. Taa nyingi fupi zinazoangalia chini zingewafaa zaidi.

Mtoto_wa_Mathare
Hapo kwa vichochoro sina ubishi. Dada, kabla ya kuandika njoo utembee na sisi saa kumi usiku.

Sajini_Mstaafu
Kwa taa za trafiki nimesimama makutanoni miaka mingi. Balbu za zamani zinakula kama wati 60 hadi 150 kila moja na siku ikiungua nyekundu, balaa. LED inakula kama 10 au 15. Tena kuna hili, asubuhi ukielekea katikati ya jiji kwa barabara kama Jogoo Road jua liko mgongoni linapiga taa usoni, zile za zamani zina kioo nyuma kinachorudisha mwanga, unaona kama nyekundu na kijani zote zimewaka. LED nzuri hazina shida hiyo sana. Na kwa sababu zinakula kidogo unaweza kuweka betri ya akiba kwa boksi, stima ikipotea makutano hayafungi. Taka pia sauti kwa kivuko cha miguu, wasioona wanateseka.

Mama_Taka_Safi
Za stoo: zile za machungwa zina zebaki kidogo ndani ya balbu, usiuzie watu wa skrepa, watavunja wachukue aluminiamu na sumu ibaki kwa udongo pale watoto wanacheza. Tafuta anayeshughulikia taka za umeme mwenye leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira, na akupe cheti. Na kwa tenda mpya andika kwamba anayeuza atachukua za zamani na pia hizi mpya zikifa, Sheria ya Taka ya 2022 tayari inampa mzalishaji huo mzigo.

Dada_wa_Stoo
Asanteni sana, nimekuwa nikiandika huku nasoma. Mtoto wa Mathare nitakuja, nakutumia ujumbe. Swali moja tu limebaki, bosi anauliza kwa nini tusiweke sola zote?

Fundi_wa_Nguzo
Pale stima haijafika, sawa. Pale waya iko tayari unaongeza betri ya kuibiwa na ya kutupwa baada ya miaka michache. Alafu siku ya kupokea mzigo, usisaini mchana. Washa usiku, pima mwanga pale chini kwa mita, na uchague moja ovyo ovyo kwa lori ufungue mbele yao.

Dada_wa_Stoo
Sawa fundi. Ile taa iliyofunguliwa bado nimeiweka kwa mfuko chini ya dawati. Kesho asubuhi kabla ya mkutano naiweka kwa meza ya bosi na ile draiva iliyofura juu yake, alafu ndio nifungue kifungu cha 86.