Muuguzi wa serikali anataka udiwani: aanzie wapi, na kiti atakiteteaje?

Zamu_Ndefu:
Wadau, swali kwa wanaozijua kampeni za kata. Muuguzi mwajiriwa wa serikali anataka kugombea udiwani uchaguzi ujao. Aache kazi lini? Jina zuri la wodini aligeuzeje kuwa kura? Na akishapata kiti, nini huwaangusha wengi wakirudi kuomba muhula wa pili? Naomba majibu ya kiutendaji. Ya "mtangulize Mungu" ninayo ya kutosha.

Karani_wa_Fomu:
Tarehe ya kuacha kazi iko kwenye sheria ya nchi yake, asimsikilize mwenyekiti wa chama. Kenya, Sheria ya Uchaguzi ya 2011 inamtaka mtumishi wa umma awe amejiuzulu angalau miezi 6 kabla ya siku ya kura. Uganda, anayetaka ubunge anajiuzulu siku 90 kabla ya siku ya uteuzi. Angalia vizuri hapo: ya kwanza inahesabiwa kutoka siku ya kura, ya pili kutoka siku ya uteuzi, na kati ya hizo mbili kuna wiki kadhaa ambazo zimewaponza wengi. Marekani, Sheria ya Hatch ya 1939 inamzuia mtumishi wa serikali kuu kugombea kwa tiketi ya chama, kwa hiyo muuguzi wa hospitali ya maveterani (wanajeshi wa zamani), ambayo ni ya serikali kuu, lazima aondoke, wa hospitali binafsi hapana.

Barua iwe nakala mbili, na yake ibaki imegongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kisha afuatilie mwenyewe jina litoke kwenye orodha ya mishahara. Mshahara mmoja ukiingia benki baada ya tarehe ya barua, mpinzani ana pa kuanzia pingamizi.

Leseni asiiache ife. Siasa ni ajira ya muhula mmoja mmoja. Uingereza, kwa mfano, muuguzi anatakiwa saa 450 za kazi na saa 35 za mafunzo endelevu kila miaka 3 ili abaki kwenye rejesta. Asiyetenga muda huo akishindwa uchaguzi anajikuta hana kiti wala wodi.

Hesabu_za_Kata:
Jina zuri lina tatizo moja: wagonjwa wake hawakai kata moja. Hospitali inahudumia eneo lote, kura zinahesabiwa kituo kwa kituo. Achukue daftari la wapiga kura aanze na hesabu. Tuseme waliojiandikisha ni 14,000 na hujitokeza asilimia 60: kura 8,400. Wagombea wakiwa wanne, asilimia 40 inaweza kutosha, yaani 3,360. Lakini kati ya wanaoahidi, wengine hawatafika, kwa hiyo atafute ahadi kama 4,000. Vituo vikiwa 24, ni wastani wa watu 167 kila kituo.

Jioni ya saa tatu za kugonga milango inatoa mazungumzo 15 hivi, maana nusu ya milango haifunguliwi. Jioni nne kwa wiki ni watu 60. Peke yake hamalizi hata kwa mwaka, na si wote watakaoahidi. Atafute watu wanane wa kutembea naye, na mawakala wawili kwa kila kituo, mmoja akienda kula mwingine abaki. Kituo kisicho na wakala wako huna nakala ya fomu yake ya matokeo, na bila nakala hubishani na mtu.

Zamu_Ndefu:
Asante mkuu. Vipi kambi ya kupima presha bure, na namba za simu za wagonjwa alizonazo?

Karani_wa_Fomu:
Namba aziache palepale kliniki. Zilitolewa kwa ajili ya matibabu. Kuzitumia kuombea kura ni kuvunja siri ya mgonjwa, na anaweza kuitwa mbele ya baraza la taaluma yake hata akishinda. Kambi yenye picha ya mgombea na dawa za bure msimu wa kampeni inaweza kuhesabiwa hongo kwa wapiga kura. Sare ya kazi kwenye bango nayo hapana, inaonekana kama hospitali imemuunga mkono.

Shubaka_la_Diwani:
Naongezea la kutetea kiti, maana hapo ndipo watu wa afya huanguka kwa namna yao. Wamezoea kumaliza shida ya mtu mmoja pale pale. Diwani anabaki anaangalia upele wa mtoto mlangoni huku bajeti ya zahanati inapitishwa bila yeye. Kazi yake sasa ni kuuliza kwenye kamati kwa nini friji ya chanjo haina umeme wa akiba, na swali hilo liingie kwenye muhtasari. Muhtasari ndio ushahidi wake miaka mitano baadaye.

Awe na daftari la malalamiko lenye safu tano: tarehe, jambo, ofisi lilikopelekwa, jibu, siku mlalamikaji aliporudishiwa taarifa. Safu ya mwisho ndiyo inayoachwa wazi mara nyingi, nayo ndiyo yenye kura. Mtu akiambiwa "imeshindikana kwa sababu hii" ananung'unika tu. Asiyeambiwa kitu anahamia kwa mpinzani. Kama ana duka la dawa au kliniki, atamke maslahi yake kabla mjadala wa zabuni haujaanza, atoke nje, na iandikwe kuwa alitoka.

Halafu asiukodolee macho upinzani akasahau chama chake. Cori Bush, muuguzi wa jimbo la Missouri, Marekani, alishinda ubunge 2020 na 2022, akaangushwa 2024 kwenye mchujo wa chama chake mwenyewe. Kinyume chake, Eddie Bernice Johnson, muuguzi pia, aliingia Bunge la Texas baada ya uchaguzi wa 1972 na Bunge la Marekani baada ya ule wa 1992, akakaa mpaka mwanzoni mwa 2023. Chama kikichuja kwa kura za wajumbe, hao ni wachache na wana majina. Awatembelee kila robo mwaka, tangu mwaka wa kwanza.