Wageni toka Nyarugusu: tuwafundishe sheria gani kwanza?

mama_furaha: Shikamooni wakubwa, vijana hamjambo. Huku Kentucky kanisani kwetu kuna familia nyingi zilizotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Tanzania, hazina hata mwaka hapa. Tunataka baada ya ibada tuwe tunakaa nao tuwaeleze sheria za Marekani kwa Kiswahili, maana wanapewa makaratasi ya Kiingereza na wengine kusoma hawajui kabisa. Tuanze na nini? Na sisi si mawakili, inaruhusiwa?

kigoma_boy: Mama marahaba, tena hongera. Anzeni na adresi, mtu akihama inabidi awajulishe uhamiaji ndani ya siku 10, fomu ni AR-11 na ni bure. Watu wanahamia kwa shemeji kimyakimya, barua ya grinikadi inaenda nyumba ya zamani, miadi ya alama za vidole inapita. Halafu KURA. Ukienda kuchukua leseni ya udereva unaulizwa kama unataka kujiandikisha kupiga kura, na sisi kambini tumezoea kumwitikia mtu wa ofisi ndiyo kwa kila kitu, hapo umeshajiandika raia wakati wewe bado mkimbizi, unaweza kukosa uraia au kurudishwa ulikotoka. Fanyeni zoezi, mmoja awe karani mwingine ajibu hapana.

papa_daniel: Kuelezea sheria kwa ujumla ruksa mama. Ila kumshauri mtu kesi yake, eti hapa jaza hivi, mwachieni wakili au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, baadhi ya mashirika ya wakimbizi wanao. Anayejiita mtaalamu wa fomu na kudai kesh, mkimbieni. Na aliyeacha mke au watoto kambini aambiwe mapema: I-730, fomu ya kuwaombea waje, inajazwa ndani ya miaka 2 tangu afike, ikipita hiyo ni shida kubwa.

dada_riziki: Naomba sana watoto wasitafsiri. Mtoto wa darasa la tano anamsomea mamake notisi ya kufukuzwa kwenye nyumba, tarehe ya mahakama anairuka hajui ni kitu gani. Hospitali na mahakama zinazopata pesa ya serikali kuu zinatakiwa zikupe mkalimani bure, ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Na wazee wa Fizi, kule Kongo, waulizwe kwanza wanataka lugha gani, wengi Kibembe ndo wanaelewa vizuri, wasione haya kukiomba.

mama_furaha: Asanteni sana wapendwa. Jumapili tunaanza na adresi na lile zoezi la leseni. Kuna mtu wa Kibembe hapa Kentucky anaweza kuja kutusaidia?