Hospitali kubwa ya akili mjini Kisumu, au nesi wa akili kila zahanati? Tujadili

Mwana wa Nyakach

Juzi tulikuwa na kikao cha bajeti ya wadi yetu (wadi ya uchaguzi, si wodi ya wagonjwa). Suala la afya ya akili likazuka na watu wakagawanyika. Kundi moja linataka kaunti ijenge hospitali ya akili hapa Kisumu, yenye geti na vitanda vyake, tuache kubeba watu usiku kucha hadi Mathari, hospitali ya akili ya taifa kule Nairobi. Kundi la pili linasema pesa hizo ziajiri manesi waliosomea akili, wasambazwe hadi zahanati za mashinani. Tulitoka bila jibu, ndiyo maana nauleta hapa.

Mimi niko na kundi la pili, kwa sababu ya mdogo wangu wa kike.

Ana kifafa tangu akiwa na miaka tisa, na huku kwetu kifafa hutibiwa kliniki ya akili, kwa hivyo kila mwezi anaenda mjini kuchukua kabamazepini. Alipofika miaka 22 akaenda zahanati ya karibu kuwekwa kijiti cha kupanga uzazi. Nesi akampima presha, akamwuliza kuhusu hedhi, akamchoma ganzi, akaweka kijiti vizuri kabisa. Hakumwuliza anakunywa dawa gani. Miezi minane baadaye, mimba. Kumbe kabamazepini hulichochea ini kuivunja homoni ya kijiti kabla haijafanya kazi yake. Kliniki ya akili waliijua dawa, hawakujua kuna kijiti. Zahanati walikijua kijiti, hawakujua kuna dawa. Kati ya vyumba hivyo viwili ni nauli ya shilingi 600 kwenda na kurudi.

Mtoto alizaliwa salama na sasa ni mtundu hasa. Lakini hiyo ilikuwa bahati. Angekuwa anatumia valproeti, dawa nyingine ya kifafa inayotolewa sana, hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro ya uti wa mgongo au kuchelewa akili ingekuwa kubwa zaidi. Alianza dawa akiwa mtoto, akawa msichana, sasa ni mama, na hakuna nesi hata mmoja aliyekuwa akimtazama akikua. Hospitali yenye geti haiwezi kumtazama. Itamwona akianguka tu.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Kaka, hongera kwa mtoto, na pole. Kosa la kutouliza dawa ni letu, silitetei. Ila ngoja nikuonyeshe huo upande mwingine.

Zahanati ninayofanyia kazi ina manesi wawili. Mwaka jana, saa nane za usiku, waliniletea kijana amefungwa kamba ya katani mikono na miguu, ndugu zake wanne wamemkalia. Chumba cha pili, nyuma ya pazia, nilikuwa na mama mwenye uchungu, njia imeshafunguka sentimita saba. Haloperidoli ya sindano, ile ya kumtuliza mgonjwa wa akili, ilikuwa imeisha. Nilikuwa na diazepamu kidogo na mlinzi mwenye miaka sitini. Nikamchoma kijana, nikalegeza kamba kwa sababu vidole vilishaanza kuwa baridi, nikarudi kupokea mtoto, nikarudi tena kuhesabu pumzi za kijana. Ambulensi ilifika kumekucha. Huko walikompeleka walimrudisha kesho yake, hakukuwa na kitanda.

Kwa hivyo mkisema msijenge vitanda, mimi nauliza: yule kijana alale wapi?

Tena huyo nesi wa akili mnayemtaka. Nawajua watatu waliosomea stashahada ya juu pale KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba. Mmoja yuko wodi ya upasuaji, mmoja yuko chanjo, wa tatu amekwenda Uingereza. Akiwa peke yake kijijini, siku akichukua likizo ya uzazi, kliniki inakufa.

Mama Wawili, Kondele

Naona mnavutana kuhusu nesi wa akili, ila mimi aliyeniokoa hakuwa nesi wa akili.

Mtoto wangu wa pili alipofika wiki sita nilimpeleka chanjo. Nesi akamchoma, akaandika kwenye kijitabu, kisha akanitazama mimi. Akaniuliza, "Mtoto akilala, wewe unalala?" Nikalia pale pale kwenye benchi. Nilikuwa silali hata mtoto akilala saa nne mfululizo, na kuna mawazo nilikuwa nayo kuhusu Ziwa ambayo siyaandiki hapa. Nyumbani waliniambia ni uvivu. Mama mkwe akaleta mchungaji, na mchungaji aliomba vizuri tu, simlaumu.

Swali moja, dada. Halikuhitaji hospitali wala stashahada ya juu.

Mlipa Ushuru

Afya ni ya kaunti tangu 2013. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 ilirekebishwa mwaka wa 2022 na kaunti zikapewa majukumu yake humo. Ni miaka mingapi hiyo? Hata mkubaliane hapa, atakayetoa pesa yuko wapi? Na hospitali ya geti msiitamani sana. Mathari ilianza mwaka wa 1910 kama mahali pa kuwafungia "vichaa", na mpaka leo mtu akitajwa Mathari watu wanacheka.

Mkaaji wa Suneka

Wazee mmewasahau wote. Mnajua tulichokiona Oktoba 2021 kule Marani, huku huku Kisii, akina nyanya wanne waliuawa kwa kusingiziwa uchawi. Sisemi walikuwa wagonjwa, sikuwajua. Nasema kwamba huku kwetu nyanya akikutwa usiku kwenye boma la jirani, hajui alivyofika, jina la kwanza analopewa si la ugonjwa.

Nyanya yangu mimi alibadilika ndani ya siku mbili. Mchana anasinzia, usiku anazungumza na marehemu babu. Watu walishaanza kunong'ona. Nesi wa kituo cha afya akasema ugonjwa wa kusahau huja polepole kwa miaka. Ukija kwa siku mbili, tafuta homa, tafuta mkojo. Akapima mkojo, una maambukizi. Siku ya nne ya dawa nyanya aliamka akiuliza nani amekula ndizi zake. Sasa niambieni, mzee wa miaka 80 na zaidi ningempeleka Kisumu kwa matatu ya abiria kumi na nne?

Mwana wa Nyakach

Dada wa zamu ya usiku, umenibana, na swali la yule kijana sina pa kulikwepea. Vitanda vinahitajika. Lakini viwe vitatu vinne ndani ya kila hospitali ya kaunti ndogo, karibu na wodi nyingine, si jengo moja mjini lenye geti. Na Mama Wawili amenifanya nibadilishe kidogo msimamo: labda tusisubiri nesi wa akili kwanza, tuanze na maswali mawili kwenye meza ya chanjo na ya uzazi wa mpango. Unalala? Unakunywa dawa gani?

Nikuulize wewe moja. Wagonjwa waliotulia, wale wa sindano ya kila mwezi, kaunti ikikuletea dawa hapo zahanati, utawachoma?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Kuchoma nitachoma, ni sindano ya takoni kama nyingine. Lakini wakileta Modecate, sindano yenyewe ya kila mwezi, bila Artane, vidonge vya kuzuia mwili kukakamaa, wasijisumbue. Mtu akikakamaa shingo na mikono ikaanza kutetemeka, mwezi wa pili humwoni, na ukimfuata nyumbani mama yake anakuambia dawa yenu ndiyo inayomrogesha. Na friji ya chanjo msiniguse.