Mjadala: Picha ya Phillis Wheatley itundikwe na maandishi yake, au bila?

Mtunza Vitabu: Wanajamvi, chumba chetu cha kusomea kimenunua chapa ya picha iliyofungua kitabu cha mashairi cha Phillis Wheatley, kilichotoka London mwaka 1773, kitabu cha kwanza cha mashairi cha mwanamke Mwafrika katika Marekani ya wakoloni. Ameketi mezani, kalamu ya unyoya mkononi, kidole cha mkono wa kushoto kimegusa shavu. Muuzaji amekata ukingo wenye maneno "mtumishi Mweusi wa Bwana John Wheatley, wa Boston", yaani bwana aliyemmiliki kama mtumwa. Wenzangu wamefurahi kwamba maneno hayo hayapo, lakini mimi naona tumenyang'anywa ushahidi. Mnasemaje?

Nguzo Sita: Mimi nisingeitundika kabisa. Katika shairi lake kuhusu kuletwa Marekani anasema ni rehema iliyomtoa katika nchi yake ya kipagani. Tutawafundisha nini watoto kwa sura ya mtu aliyeshukuru minyororo?

Mama Wawili: Ndugu Nguzo, hayo maneno "aliyeshukuru minyororo" yamenichoma, kwa sababu unamhukumu mtoto aliyeshushwa Boston mwaka 1761 akikisiwa kuwa na miaka saba, kwa kuwa meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka. Jina lenyewe Phillis ni la meli iliyomleta. Alipotaka kuchapisha, ilibidi wanaume 18 wa Boston, gavana akiwamo, watie saini kuthibitisha kwamba mashairi ni yake. Mtu wa hali hiyo ungetaka aseme kila kilichomo moyoni? Hata hivyo alisema: mwaka 1774, katika barua kwa Samson Occom, mhubiri wa kabila la Wamohegan, wenyeji wa asili wa Marekani, iliyotoka magazetini, aliandika kwamba Mungu ametia katika kila moyo wa binadamu kupenda uhuru.

Mkaa Pwani: Kama jina ni la meli, basi tuanze na hilo kabla ya ukingo. Kwa nini tuendelee kumwita kwa jina la chombo kilichombeba kama shehena?

Mama Wawili: Kwa sababu ndilo alilotia kwenye kazi zake, kaka yangu. Alipoolewa na John Peters aliliacha la Wheatley, na shairi lake la mwaka 1784, mwaka aliofariki, lilitoka kwa jina la Phillis Peters. Kati ya majina mawili aliyopewa, aliamua mwenyewe lipi abaki nalo, nasi hatuna haki ya kumbatiza upya.

Mkaa Pwani: Nimekubali kuhusu jina. Kuhusu ukingo, bado nauunga mkono mkasi wa muuzaji, maana aliachwa huru mwaka uleule wa 1773, aliporudi kutoka London. Kwa nini tumtundike na maneno yaliyokoma kuwa kweli kabla mwaka haujaisha?

Mtunza Vitabu: Kwa sababu yalikuwa kweli wakati kitabu kinachapwa, Bwana Mkaa. Mtoto akisoma "mtumishi wa" kwenye ukingo, kisha akaona ndani yake kalamu, kidau cha wino na karatasi yenye mistari, atauliza, na hapo ndipo nitampa kitabu. Nimeagiza nakala isiyokatwa.

Nguzo Sita: Nimeisoma barua ya Occom usiku huu, mara mbili. Juu ya shairi lile msimamo wangu haujabadilika, ila ukiitundika picha, naomba barua hiyo iwekwe chini yake.

Mtunza Vitabu: Itawekwa, ndani ya fremu hiyohiyo.